Kleopatra hakuwa farao wa mwisho wa Kimisri

Mhariri,

Makala yenu imemwita Kleopatra farao wa mwisho wa Wamisri. Ufarao wake hatubishani nao. Tatizo ni huo Umisri. Mmisri wa mwisho kuitawala nchi nzima ni Nectanebo II, aliyekimbilia kusini Waajemi walipoiteka tena mwaka 343 KK. Ukoo wa Kleopatra, wa wafalme walioitwa Ptolemaio, ni wa Kimakedonia. Uliingia na Aleksanda Mkuu mwaka 332 KK, ukashika nchi hadi Waroma walipoichukua mwaka 30 KK.

Mkaongeza kwamba utawala huo ulikuwa mpole kwa kuwa ulijenga mahekalu. Ulijenga, ndiyo. Lakini tazameni mafuta ya mbegu. Sheria ya mapato ya Ptolemaio II, ya mwaka 259 KK, imebaki kwenye mafunjo. Kila mkoa ulipangiwa eneo la kulima ufuta na nyonyo. Mkulima alikopeshwa gharama ya mbegu, deni likakatwa palepale uwanja wa kupuria. Mazao hakuruhusiwa kumuuzia mwingine ila wakala wa mapato, tena kwa bei ya serikali. Wakamuaji walikatazwa kuhamia mkoa mwingine, na msimu ukiisha vinu vilipigwa lakiri. Hata makuhani walikamua ufuta miezi miwili tu kwa mwaka, kwa matumizi ya hekalu, bila kuuza. Mafuta ya nyonyo iliwabidi wayanunue kwa mawakala haohao. Magendo yalifuata, na wakulima waliobanwa wakaacha mashamba, wengine wakikimbilia hifadhi ya mahekalu.

Serikali ikaongeza kosa moja la kijeshi. Kwenye vita vya Raphia dhidi ya mfalme Antioko III wa Siria, mwaka 217 KK, Ptolemaio IV alikuwa na upungufu wa askari wa Kigiriki, akawafundisha Wamisri 20,000 hivi kupigana kwa mikuki mirefu ya Kimakedonia. Walishinda, wakarudi nyumbani wakijua kazi. Muda si mrefu kusini kukaasi, mji wa Thebes ukamtawaza Horwennefer, kisha Ankhwennefer, mafarao wa Kimisri ambao makala yenu haikuwataja kabisa. Huyu wa pili alikamatwa mwaka 186 KK.

Sasa someni upya Jiwe la Rosetta, lile mnalolisifu kwa aina zake tatu za maandishi. Ni azimio la makuhani waliokusanyika mjini Memphis, la mwaka 196 KK, linalomshukuru Ptolemaio V kwa kusamehe kodi, pamoja na theluthi mbili za kitani kilichodaiwa mahekalu. Siku linatolewa, kusini bado kulikuwa na farao mwingine. Na hekalu la Edfu huko kusini, fahari ya ukoo huo, lililoanza kujengwa mwaka 237 KK? Maandishi ya kuta zake yenyewe yanaeleza kuwa kazi ilisimama kwa sababu ya uasi, na waasi walijificha humohumo ndani.

Toleo lijalo mngesahihisha hivi: malkia wa mwisho wa ukoo wa Ptolemaio.

Msomaji wenu