Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: kufuta jina la mtoto hakutoshi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Taarifa za wanafunzi katika programu za kujifunzia na katika tafiti

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mhadhiri wa sayansi ya kompyuta hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimamia tafiti za wanafunzi wa uzamili. Zamani mada zao zilikaa mbalimbali. Wa roboti alikuwa na waya na magurudumu yake, wa mifumo ya kupendekeza, ile inayomchagulia mtumiaji cha kutazama au kusoma, alihangaika na hesabu za matriki, wa usiri mtandaoni alisoma sheria na misimbo ya siri, na wa teknolojia ya elimu alizunguka mashuleni na dodoso. Siku hizi wote wanakuja ofisini kwangu na ombi lilelile: wanataka kumbukumbu za watoto, yaani walichobofya, walichokosea, saa walizoingia, sauti zao, wakati mwingine na sura zao. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si wizara ya elimu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliomba data kwa kampuni inayouza programu ya kujifunzia kwa shule za msingi za binafsi. Alitarajia mkataba, au angalau barua. Akatumiwa faili la Excel kwa WhatsApp, na ujumbe mfupi: "Usijali, majina tumeshatoa." Ni kweli, safu ya majina haikuwepo. Zilizobaki ni jinsi, tarehe ya kuzaliwa, shule, kata anayoishi, darasa, siku na saa ya kila alipoingia, video alizotazama, maswali aliyokosa na mara ngapi aliyarudia. Mstari mmoja ulikuwa wa msichana wa darasa la sita ambaye huingia usiku baada ya saa nne, aliyepotea karibu mwezi mzima katikati ya muhula, na aliporudi akawa anarudia mazoezi ya hesabu ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Mzazi yeyote wa darasa lile angemjua. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi tunapongezana siku za kuzaliwa za watoto kwa picha na keki. Tarehe zote zimo humo. Ukishajua yule mtoto ni nani, unajua pia usiku analala saa ngapi, na kwamba kuna kitu kilitokea nyumbani kwao mwezi ule.

Faili tulilifuta na kampuni tukaiandikia. Jibu lao lilikuwa la heshima, ila lilinionyesha kwamba hawakuona tatizo liko wapi. Na siwalaumu peke yao, kwa sababu imani kwamba jina likifutwa mtu amefichika imeenea hata kwa watu wazito.

Imani hiyo ilishavunjwa zamani. Mwaka 1997 huko Massachusetts, Marekani, Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alichukua kumbukumbu za hospitali za watumishi wa serikali ambazo zilitolewa kwa watafiti bila majina. Kwa dola 20 akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta, na mtu mmoja tu akabaki: William Weld, gavana wa jimbo lenyewe, pamoja na matibabu yake.

Tuje nyumbani. Matokeo ya kidato cha nne hutoka mtandaoni yakiwa na namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja na alama za kila somo. Jina halipo, na mtu anaweza kuridhika. Lakini orodha za waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano zimekuwa zikitoka hadharani zikiwa na namba hiyohiyo ya mtihani na jina la mwanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyejifunza kuunganisha majedwali mawili anaweza kuyaunganisha haya kabla chai haijapoa. Sisemi kuna aliyekusudia ubaya. Mzazi wa kijijini anahitaji kujua mtoto kapangiwa shule gani, na kubandika orodha ndiyo njia tuliyoirithi tangu enzi za mbao za matangazo. Ila ubao wa matangazo ulisomwa na waliofika shuleni, na baada ya wiki mbili mvua iliufuta.

Mfano unaogusa zaidi mifumo ya kupendekeza ni wa Netflix, kampuni ya filamu ya Marekani. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilitangaza shindano la dola milioni 1 kwa atakayeboresha mfumo wake wa kupendekeza filamu kwa asilimia 10. Ikaweka hadharani alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000 kwa filamu 17,770. Majina yalifutwa, kila mteja akapewa namba. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukijua alama nane tu za mteja, hata kama mbili kati yake si sahihi na tarehe zake zimepishana kwa wiki mbili, unaweza kuupata mstari wake kwa asilimia 99 ya wateja. Ladha ya mtu ikishakusanywa kwa wingi inamtambulisha kuliko jina lake, maana majina tunashirikiana wengi. Tuzo ilitolewa 2009, lakini shindano la pili lililokuwa limepangwa likafutwa mwaka 2010 baada ya kesi mahakamani na maswali ya Tume ya Biashara ya Marekani.

Zile zilikuwa filamu, na walioathirika wengi walikuwa watu wazima. Programu ya kujifunzia inatumia hesabu za ukoo uleule kwa mtoto wa miaka kumi. Inamlinganisha na watoto wengine waliobofya na kukosea kama yeye, kisha inamletea kile kilichowafaa wale. Ikifanya kazi vizuri, mtoto anapata zoezi la kiwango chake bila mwalimu wa wanafunzi sabini kugawanyika vipande. Naipenda kazi hii, nimeifanya kwa miaka, na sitaki Tume iipige marufuku. Shida ni kwamba mfumo hauna aibu ya kukosea. Mtoto akianza vibaya wiki ya kwanza, labda kwa sababu bando lilikatika katikati ya zoezi, au mdogo wake ndiye aliyekuwa anabofya, mfumo unamweka kwenye kundi la wadhaifu na kumletea maswali mepesi. Akiyapata, unathibitisha kwamba mepesi ndiyo yanayomfaa. Muhula unakwisha hajaona swali gumu hata moja. Mzazi anaona nyota na makofi kwenye simu, anadhani mambo ni mazuri. Mwalimu angemgundua siku ya tatu.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mtu haki dhidi ya maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Imeweka pia taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji idhini ya maandishi. Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko nchi nyingi. Lakini idhini yenyewe inapatikanaje? Nimesoma fomu za kujiunga na shule kadhaa. Katika mojawapo, ruhusa ya "kutumia taarifa za mwanafunzi kwa shughuli za kielimu na washirika wa shule" ilikuwa kati ya kipengele cha sare na kile cha chakula cha mchana, kwa Kiingereza, na sahihi ya mzazi ni moja kwa fomu nzima. Asiyesaini, mtoto hapati nafasi. Sijui mwanasheria ataiitaje hiyo. Mimi idhini siioni.

Kuhusu roboti sitakaa sana, kwa kuwa mashuleni kwetu bado ni wachache. Wengi ni vigari vya kuunganisha vinavyoendeshwa kwa simu, na watoto wanavifurahia kwa haki. Lakini tusingoje waje wengi. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, aliyekuwa akizungumza na watoto kupitia intaneti, na kumhesabu kuwa kifaa cha siri cha upelelezi. Bluetooth yake haikuwa na kinga yoyote, hivyo mtu aliye nje ya ukuta angeweza kusikiliza na hata kumsemesha mtoto. Mwishoni mwa 2022 ikafichuliwa kwamba picha zilizopigwa na roboti wa majaribio wa kufagia nyumba, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivuja kwenye mitandao baada ya kupita mikononi mwa vibarua waliokuwa wakiziwekea alama ili kuifundisha akili mnemba. Roboti ni kamera yenye magurudumu. Ikiingia darasani, swali la kwanza liwe picha zinakwenda nchi gani na nani anaziangalia.

Na tusijidanganye kwamba serikali ikipendekeza programu basi ni salama. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa bidhaa zaidi ya 160 za elimu mtandaoni ambazo serikali za nchi 49 zilizipendekeza wakati wa korona. Asilimia 89 zilishughulikia taarifa za watoto kwa namna iliyohatarisha au kukiuka haki zao.

Sasa upande wetu watafiti, maana ningekuwa mnafiki kulaumu makampuni tu. Mtafiti anayefuata taratibu anakwenda kwenye kamati ya maadili ya chuo, anaomba kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, anaandika barua mkoani, wilayani, hadi shuleni, na mwisho anaweza kuambiwa data hazitolewi kwa sababu ya sheria ya taarifa binafsi. Anayejuana na meneja wa kampuni anatumiwa faili jioni ileile. Mpaka sasa sheria inamchelewesha mwadilifu, na yule mwingine hata haimfikii. Tukiendelea hivi, tafiti kuhusu watoto wetu zitafanywa na wale wasiouliza, au na walio nje ya nchi wenye data tayari.

Njia za kitaalamu zipo. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith, walitoa hesabu ambayo leo hutumika hata kwenye takwimu za sensa ya Marekani ya 2020. Majibu yanayotolewa kutoka kwenye data yanavurugwa kidogo kwa makusudi, kwa kiasi kinachopimika, hivi kwamba mtoto fulani awemo au asiwemo kwenye data, jibu linabaki karibu lilelile. Wilaya bado itajua kwamba darasa la sita linakwama kwenye hesabu za sehemu, lakini hakuna atakayemjua msichana wa saa nne usiku. Njia nyingine ni kuacha taarifa kwenye simu au kishikwambi, kielelezo cha kompyuta, yaani programu inayojifunza kutokana na data, kijifunze humo humo, kisha yatumwe marekebisho ya kielelezo tu. Google wamekuwa wakiitumia kwenye kibodi za simu tangu 2017. Hii peke yake haitoshi, kwani imeshaonyeshwa kwamba marekebisho nayo yanaweza kuvujisha. Zikiunganishwa mbili, tunafika mahali pa kuzungumza. Na walimu wengi wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kwa hiyo hata majaribio hayahitaji bajeti ya kutisha.

Ninachoomba, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ni mwongozo mahususi wa taarifa za watoto katika elimu, ulioandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu mkuu atakielewa. Useme waziwazi kwamba kufuta majina hakumwondolei mkusanyaji wajibu wake, na kwamba anayedai data zake hazimtambulishi mtu athibitishe kwa kipimo, si kwa maneno. Uingereza wana mwongozo wa namna hii tangu Septemba 2020, na mojawapo ya viwango vyake 15 ni kwamba kumchambua mtoto na kumwekea wasifu kuwe kumezimwa tangu mwanzo, isipokuwa kuwepo sababu nzito. Kwetu naomba tuongeze kwamba mfumo wowote unaompangia mtoto kiwango umwonyeshe mwalimu wake umempangia nini na kwa nini, na mwalimu awe na uwezo wa kuupuuza.

Naomba pia idhini ya mzazi itengwe na fomu ya kujiunga, iwe karatasi yake, na kukataa kusimgharimu mtoto nafasi. Bila adhabu mwongozo utabaki kabatini. Jirani zetu Kenya, Septemba 2023, ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na nasikia wakuu wa shule wengine walianza kusoma sheria usiku uleule.

Kwa watafiti, mtuwekee dirisha: sehemu moja salama ambapo mtafiti mwenye kibali anauliza maswali yake na kupata majibu yaliyokwisha kuvurugwa, bila faili kutoka nje. Vyuo vyetu vina watu wa kuijenga.

Kabla mwongozo haujaandikwa, tafadhali itisheni kikao, na mwalike walimu wa darasani, si wanasheria na makampuni peke yao. Wanafunzi wangu wako tayari kuja Dodoma na kompyuta zao kuwaonyesha jinsi jedwali lisilo na majina linavyorudishiwa majina, hatua kwa hatua, ndani ya saa moja. Watatumia shule ya kubuni na watoto wa kubuni. Tunachohitaji ni tarehe na projekta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta,
Dar es Salaam