Kabla ya sindano ya kwanza ya mifupa, uliza itakayofuata

Mhariri,

Wagonjwa wa osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua uzito hadi ikawa inavunjika kirahisi, huuliza dawa ipi ni kali zaidi. Laiti wangeuliza ipi itangulie, maana mpangilio ukikosewa, faida ya miaka hupotea kwa miezi.

Chukua denosumabu. Ni sindano ya miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, na inafanya kazi vizuri sana. Ila haibaki mfupani. Dozi ikichelewa zaidi ya mwezi mmoja, seli zinazomung'unya mfupa, ambazo dawa ilikuwa imezizuia, huamka kwa pamoja. Wapo wanaovunjika pingili mbili tatu za uti wa mgongo bila hata kuanguka. Sasa fikiria mama aliyeanzishiwa akiwa kwa mwanawe Muscat, akarudi Tanga, na hakuna aliyemwambia ya pili ataipata wapi! Anayeiacha huandikiwa vidonge vya alendroneti au dripu ya asidi ya zoledroni pale miezi 6 inapotimia tangu sindano ya mwisho. Aliyeitumia miaka mingi, dripu moja huenda isimtoshe. Daktari atampima damu na pengine kuirudia.

Alendroneti yenyewe hung'ang'ania mfupani miaka mingi. Ndiyo maana baada ya miaka 5 ya vidonge, asiye na hatari kubwa anaweza kupumzishwa huku akifuatiliwa. Kidonge ni cha miligramu 70, mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji. Si chai, si maziwa. Kwa dakika 30 usile wala usilale. Wengi wanaosema "kimenichoma kifua" walimeza kwa funda moja wakarudi kitandani, kidonge kikakwama kwenye umio. Dripu huepusha hilo, lakini haifai figo zikiwa zimedhoofu sana, na vitamini D na kalsiamu sharti ziwe sawa kwanza. Homa na maumivu ya mwili ya siku tatu za mwanzo yasikutishe.

Teriparataidi ni ya kundi jingine: hujenga mfupa. Ni mikrogramu 20 kila siku, kwa kawaida isizidi miezi 24, na hutunzwa kwenye friji, jambo gumu umeme unapokatika. Kwa aliyekwisha kuvunjika mgongo, kuanza na hii kisha kufuatisha alendroneti au zoledroni ndiyo njia yenye mantiki. Ukitoka denosumabu kwenda teriparataidi, mfupa wa nyonga hupungua uzito kwanza.

Je, nani atavunjika na nani hatavunjika? Hakuna kipimo kinachojibu. Alama ya -2.5 kwenye picha ya kupima uzito wa mifupa ni mpaka wa kutaja ugonjwa tu. Wapo wanaovunjika wakiwa juu yake. Badiliko dogo kwenye picha hiyo linaweza kuwa kosa la mashine, hivyo rudia baada ya mwaka mmoja au miwili, kwenye mashine ileile. Atakayeng'oa jino ang'oe kabla ya kuanza denosumabu, alendroneti au zoledroni. Na aliyetumia dawa hizi miaka mingi akisikia maumivu ya paja au kinena, apigwe picha ya paja mapema, asipewe dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani.

Mfamasia,
Dar es Salaam