Sanamu ile haina jina

Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na picha ya sanamu ya mbao ya Mjapani Izumi Kato: kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, macho yameachana kama ya samaki, mikono haina vidole. Nimeikata nikaibandika kibandani kwangu. Lakini chini yake mmeandika "Mzimu wa Msituni, sanaa ya kijima kutoka Japani". Hapo nimekwama, kwa sababu kosa hilo nami nimelifanya, tena nikalipwa.

Nianze na huo ujima. Kato kazaliwa 1969 mkoani Shimane, akahitimu Chuo Kikuu cha Sanaa cha Musashino mwaka 1992. Ni mchoraji kwanza. Mpaka leo anapaka rangi kwa mikono, kavaa glavu, brashi hataki. Kuchonga kumekuja baadaye, miaka ya 2000, na mwaka 2007 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Venice. Maumbo hayohayo anayatengeneza pia kwa plastiki laini, ile ya midoli ya madubwana ya sinema za kwao. Ujima uko wapi hapo? Neno hilo tumebandikwa sisi Wamakonde miaka na miaka. Hatuna haja ya kumwazima mtu.

Kuhusu mzimu, naelewa mlikoutoa. Shimane ndiko lilipo hekalu kuu la Izumo, na Wajapani husimulia kwamba mwezi wa kumi wa kalenda yao ya zamani miungu yote ya nchi hukusanyika huko, kwingine kukabaki kutupu. Mtu aliyekulia mahali kama hapo akichonga kiumbe wa namna ile, ulimi unawasha kusema "mzimu". Ila yeye mwenyewe hasemi. Karibu kazi zake zote anaziita "Bila jina", basi.

Mimi nachonga mashetani, mtindo ambao Samaki Likankoa anatajwa kuuanzisha Dar es Salaam miaka ya 1950. Mjomba aliyenifundisha hakuwahi kuniambia shetani fulani anaitwa nani. Alisema fuata mpingo unavyopinda. Wateja ndio wanaotaka majina. Mwanzoni nilikuwa najibu "sijui", na hakuna aliyetoa pesa. Nikaanza kutunga: huyu wa kisimani, huyu anaiba watoto wa mbuzi. Mama mmoja wa Kizungu aliandika hadithi yangu kwenye daftari, akarudi baada ya miaka miwili na rafiki yake kumsimulia. Nilikuwa nimeshaisahau. Nikambishia hadithi yangu mwenyewe!

Sasa tazameni tena ile picha, pale begani. Alama za patasi zimeachwa wazi, na rangi imepakwa juu yake bila kuzifunika. Kwetu hiyo ingerudishwa. Dalali anataka msasa mkali, kisha mlaini, halafu kiwi ya viatu mpaka kinyago king'ae kama buti la askari.

Wajapani wanavijua vinyago vyetu. Kule Ise, mkoa wa Mie, wana jumba zima la makumbusho ya sanaa ya Kimakonde. Mmoja wao aliwahi kuingia kibandani kwangu, akapita rafu zote, akachuchumaa mbele ya kipande kilicholala sakafuni kwenye vumbi la mbao. Upande mmoja uso ulishatoka, upande wa pili tezo tupu, na ganda jeupe la mpingo halijaondolewa. Akauliza bei. Nikamwambia hakijaisha, aje kesho. Usiku ule nilikesha na tupa na msasa, nikakipaka kiwi, nikamtungia na jina. Asubuhi alikigeuzageuza, akanishukuru kwa adabu, akaondoka mikono mitupu. Nilimwona mjinga. Nimekaa na picha yenu wiki nzima, na sasa sina hakika mjinga alikuwa nani.

Mkiitoa tena, andikeni: Izumi Kato, Bila jina, mbao na rangi. Nafasi itakayobaki ongezeni ukubwa wa picha, maana bega la kushoto mmelikata.

Mchonga vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam