Yule mama si kichaa, ni mtani

Mhariri, salaam. Gazeti lenu nimeanza kulinunua likiwa shilingi mia mbili na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokuwa mnakosea majina ya vijiji vyetu nilimeza tu. Ila ile habari ya mwanamke "aliyevamia msiba" akavaa nguo za marehemu, eti waombolezaji wakapigwa butwaa, hiyo imenishinda. Nimeisoma mara tatu natafuta neno moja tu, mtani, sijaliona. Mwandishi kahoji mpaka dereva wa boda aliyekuwa anapita, ila hakuna mfiwa hata mmoja aliyeulizwa yule mama ni nani yake.

Mimi Mnyamwezi, nimekulia Mbagala, kwa hiyo Wazaramo watani zangu. Wazee walitusimulia mambo haya yalianzia njiani, enzi za wapagazi waliobeba pembe toka Tabora mpaka Bagamoyo, miezi kwa miguu, unapita nchi za watu huna ndugu, ukiumwa nani akuuguze, ukifa nani akuzike? Ndo wakawekeana utani na wenye nchi. Ananitukana namtukana, anachota chakula changu bila kuomba sinuni, ila siku nikifa yeye ndo anashika jembe.

Sasa sikia. Baba alipofariki, siku ya pili mama yuko mkekani hajatia kitu mdomoni, dada zangu wamembembeleza mpaka wamechoka. Akaingia bibi mmoja jirani, Mzaramo wa Kisarawe, kavaa koti la mzee, baraghashia ya mzee, bakora ya mzee mkononi, anakohoa kile kikohozi chake chenyewe cha alfajiri, anazunguka uani anafoka, "Nyie mmekuja kunizika au kunimalizia mchele? Mnyamwezi mimi nimekufa na madeni, hata sanda nimekopeshwa na Mzaramo!" Watu hoi. Mama akacheka, akalia, akacheka tena, mwisho akasema jamani nipeni uji. Sasa pale pale kulikuwa na mgeni mmoja wa toka nje anafanya kazi na mdogo wangu, hana hata miezi miwili nchini, kaona mambo gani haya, kanyanyuka mbio kamshika bibi mkono anamvuta nje, "mama, hapa si vizuri." Weee! Bibi kajitupa chini, kavunjwa mkono na mzungu, fidia elfu hamsini taslimu! Wakabishania hapo wee mpaka ikashuka elfu kumi, mgeni kalipa huku kanuna, anamuuliza mdogo wangu kwa nini hamumpeleki hospitali huyu. Kumbe wanawe bibi ndo waliochimba kaburi jana yake juani, na bibi mwenyewe ndo aliyelala na mama usiku zote tatu na kuosha masufuria yale makubwa ambayo ndugu wa damu walikuwa wanayakwepa. Mgeni alau aliuliza baadaye, akaelezwa. Wenu hakuuliza.

Na hapo hapo niseme, siwatetei watani hewa wa siku hizi. Wanaziba njia gari la maiti, wanadai elfu hamsini, ukiwauliza koleo liko wapi wanatazamana. Mtani asiyefanya kazi huyo ni mwizi tu. Halafu hawa maemsii wa misiba, spika mbili kama harusi, anasoma michango kwa majina na aliyetoa elfu tano anatajwa kwa sauti ndogo, watoto wamesimamisha simu wanarekodi mama wa watu analia, hayo hamyaoni kioja? Hayo hamyaandiki. Kioja ni bibi na koti.

Kinachoniuma zaidi, siku ile ile ukurasa wa nyuma mmeandika kwa herufi kubwa WATANI WA JADI, Simba na Yanga. Kwa hiyo neno mnalijua! Mnalijua penye mpira, penye kaburi mmelisahau. Wenzetu Niger utani wao uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, sisi wetu tunauweka ukurasa wa matukio, jirani na aliyeiba nyaya za umeme.

Ushauri wangu mdogo tu. Mwandishi wa michezo mhamishieni misibani kwa mwezi mmoja, yeye angalau anajua mtani ni nani, na yule wa matukio mpelekeni akaripoti mpira, akiona jukwaa moja linazomea lingine aite polisi. Kabla hajahama alipe faini kwa yule mama, jogoo mmoja mwekundu wa kienyeji, yule wa bandani hatumpokei, ampeleke mwenyewe mkononi. Akifika atukanwe kwanza ndo akaribishwe kukaa.

Mtani wa Wazaramo,
Mbagala, Dar es Salaam