Tiara si ya kupoteza muda

Mhariri,

Msomaji mmoja alilalamika humu kwamba tiara zinawapotezea watoto muda. Haya. Mwaka 1848 kijana Homan Walsh alirusha tiara yake juu ya korongo la Niagara, baina ya Marekani na Kanada. Mara ya kwanza uzi ulikatwa na barafu, akarudia, ukavuka. Uzi ule mwembamba ndio uliovuta kamba, kamba ikavuta waya, hadi daraja likasimama. Mwaka 1901 Marconi, mvumbuzi Mwitaliano wa redio, naye aliinua waya kwa tiara huko Newfoundland, kisiwa cha Amerika Kaskazini, akanasa mawimbi ya redio kutoka Uingereza.

Mwanangu hutengeneza yake kwa chelewa, uji wa muhogo na gazeti (lenu, samahani). Ikiyumba, anaongeza mkia wa kanga kuukuu.

Msomaji wenu,
Bagamoyo