Mashimo yakaguliwe kabla ya kufunikwa

Ndugu Mhariri,

Kila masika yakianza, magazeti huchapisha picha zilezile: daladala imekwama, watu wamekunja suruali, watoto wanachezea maji mtaani. Maelezo chini ya picha husema ni mafuriko. Sisi tunaoishi mabondeni tunajua kwamba ndani ya maji yale mna kitu kingine ambacho hakikuletwa na mvua. Kimetoka kwenye makaro yetu wenyewe. Naomba nafasi nilisemee jambo hili, maana lawama zote hutupiwa mitaro na chupa za plastiki, na mashimo ya nyumbani hayatajwi. Labda ni aibu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Bomba la majitaka la umma linahudumia katikati ya mji na maeneo machache mengine. Wengi wetu tuliobaki, kuanzia mwenye ghorofa Mbezi hadi mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, choo chetu kinaishia ndani ya kiwanja chetu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya majitaka ya jiji hili inategemea mashimo yaliyochimbwa na mafundi wa mtaani, yakafunikwa kwa slabu, na hakuna mtu wa serikali aliyechungulia ndani.

Kwa asiyejua, mfumo huu una mashimo mawili. La kwanza ndilo karo, ambalo halitakiwi kuvuja hata tone. Uchafu mzito unazama, mafuta na vinavyoelea vinafanya utando juu, na vijidudu visivyohitaji hewa vinakula taratibu kilichobaki. Maji ya katikati, ambayo yana nafuu kidogo, ndiyo yanayoruhusiwa kupita kwenda shimo la pili, la kunyonyea. Hilo la pili kazi yake ni kinyume cha la kwanza: linatakiwa livuje, tena kila upande, maji yaingie ardhini. Karo hutapishwa uchafu wa chini ukifika kama theluthi ya kina chake. Watu wengi husubiri hadi choo kianze kurudisha, na hapo tope limeshapita kwenda shimo la pili na kuziba matundu ya udongo. Udongo ukishaziba hivyo, boza hata kumi, yaani magari ya kunyonya majitaka, hazitauzibua.

Nyumba yetu, mimi na mume wangu, tuliinunua Tegeta ikiwa imekwisha kujengwa, marumaru hadi ukutani. Mwanzoni tulikuwa wawili tu na mambo yalikwenda. Wajukuu walipohamia, choo cha ndani kikaanza uvivu. Ukivuta, maji yanapanda kwanza, yanasimama, halafu yanashuka huku yanaguguma. Baadaye maji ya kufulia yakawa yanachomoza kwenye tundu la bafuni. Nje, karibu na mfuniko nyuma ya jiko, kukawa na kipande cha nyasi mbichi kabisa katikati ya kiangazi, wakati uwanja mwingine wote umekauka. Mwenye kuona nyasi za namna hiyo asifurahie bustani.

Tulifanya kama wafanyavyo wote, tukaita boza. Kijana akateremsha mpira, mashine ikanguruma, karo likakauka hadi tukaona zege la chini. Hata hajamaliza kukunja mpira wake tukasikia maji yanaporomoka. Yalikuwa yanarudi kwa lile bomba la kutokea, yaani kutoka shimo la pili kuja karoni. Dereva, mtu mzima aliyeona mengi, akaniambia, “Mama, karo lako halina ugonjwa. Mgonjwa yuko mbele. Mimi naweza kuja kila wiki na utanilipa kila wiki, lakini mtafute fundi.” Ni nadra kumpata mfanyabiashara anayejifukuzia riziki kwa adabu namna ile.

Fundi alipofunua shimo la pili alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. Kuta zilikuwa za tofali, zimeungwa kwa saruji kila mstari, zikapigwa plasta safi, na chini limemwagwa zege. Miaka yote ile maji yalikuwa yakipenya kwenye nyufa za juu tu. “Hili si shimo la kunyonyea, mama,” akasema, “hili ni simtanki limezikwa.” Alivyotakiwa kufanya aliyejenga ni kuacha nafasi bila saruji kati ya tofali na tofali, azungushie kokoto nje ya ukuta, na chini aache udongo wenyewe. Akanionyesha na bomba la kutoka karoni: halikuwa na ti, kile kipande cha bomba kinachoshuka chini ya utando ili mafuta na vinyesi vinavyoelea visipite. Ni kitu cha bei ndogo sana dukani. Kwa kukosekana hicho, uchafu wa nyumba nzima ulikuwa ukielea moja kwa moja kwenda kuziba shimo la pili.

Simtaji fundi aliyejenga, wala aliyetuuzia, na shabaha ya barua hii si wao. Nilipoanza kuuliza majirani niligundua kwamba hakuna aliyejua shimo lake limejengwaje. Mmoja ana shimo moja tu, analiita karo. Mwingine ameelekeza maji yote ya bati humo humo, halafu anashangaa kwa nini linajaa siku ya mvua. Wa tatu ana tangi la choo linalovuja kimyakimya usiku na mchana, lita kwa lita, na hilo peke yake linatosha kulizamisha shimo zuri.

Na wote wameshanunua dawa. Naomba nilisemee hili kidogo, maana wauzaji wamejaa mitandaoni na kwenye nguzo za umeme: unga wa kukausha choo, maji ya kumaliza tope, bila kusahau chumvi ya mawe na mafuta ya taa tunayoambiwa na wazee. Vijidudu vya kuozesha havinunuliwi, tunavipeleka wenyewe kila tukivuta maji. Hakuna unga unaoyeyusha mchanga, pampasi au pedi, wala unaozibua udongo uliokwisha kuzibwa. Tindikali na dawa kali za kung'arisha marumaru ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zinaua wale wale wafanyakazi wa bure waliomo karoni.

Ninachokiogopa kuliko harufu ni visima. Mtaani kwetu maji ya bomba yakikatika, tunarudi kwenye visima vya uani, na wengine hunywa bila kuchemsha kwa sababu yanaonekana meupe. Wataalamu wa maji kwa kawaida hushauri kuwe na mita 30 kati ya kisima na shimo la choo, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho kwa wengi wetu ni kikubwa. Ukiweka kisima kona moja na shimo kona ya mkabala, kutoka ncha hadi ncha utapata mita 28. Mita 30 haipatikani hata kwa mwenye nidhamu ya chuma, na hapo hujahesabu shimo la jirani aliyelichimba ukutani mwako. Kuhusu ile mita moja na nusu, mwezi wa nne ukichimba bondeni, maji unayakuta kabla jasho halijakutoka. Shimo linalochimbwa humo haliingizi maji ardhini. Lenyewe limo ndani ya maji, na kilichomo ndani yake kinatembea.

Halafu kuna kutapisha kwa siri, bila boza. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Mvua kubwa ikishuka usiku, mtu anafungua mfuniko, au ametoboa ukuta wa karo na kuweka bomba lililoelekezwa barabarani, na mafuriko yanabeba siri yake. Maskini na tajiri wote wanafanya, tofauti ni ukubwa wa bomba. Tulikwisha kuonja matokeo yake. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka hapa Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi ya bara na kuvuka hadi Zanzibar. Wakati ule tulifunga mama lishe na tukakataza juisi za barabarani. Sikumbuki mtu aliyekuja kuuliza mabomba yale yanatoka nyumba gani.

Wanaoumia kwanza ni vijana tunaowaita kushuka shimoni na ndoo. Karo lililofungwa muda mrefu lina hewa inayoua. Gesi yake inanuka kama yai bovu, lakini ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo kijana anadhani hewa imesafika na kumbe ndiyo anazimia. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye habanduki. Mtu yeyote asiingie karoni, hata likiwa tupu, hata kwa kuokota simu.

Nyumbani kwetu shimo bovu tumeliacha. Fundi hakuchimba jingine refu, kwani kwa kiwanja chetu kwenda chini ni kuyafuata maji. Alichimba mitaro miwili mirefu isiyo na kina kikubwa, yenye bomba lililotobolewa na kokoto, tunayoitumia kwa zamu, mmoja ukifanya kazi mwingine unapumzika ili utando ulioziba udongo uoze na kuachia. Kabla ya kuchimba alipima udongo kwa njia ambayo haina mashine: kijishimo, maji, kinaachwa kilale, asubuhi kinajazwa tena, halafu unaangalia kwa rula maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Alisisitiza kipimo hicho kifanywe masika. Kiangazi kila udongo unajifanya una kiu. Maji ya bati tumeyatoa, ti imewekwa, na kando ya mitaro ipo migomba, ambayo kwa kunywa maji haina mpinzani.

Sasa niseme ninachokiomba. Halmashauri zetu zinatoa kibali cha ujenzi kwa kuangalia ramani, na ramani zote ni nzuri. Kwenye karatasi, shimo la nyumba yetu nalo huenda lilikuwa zuri. Naomba shimo likaguliwe likiwa wazi, siku chache kabla ya slabu kumwagwa. Bwana afya wa kata afike, aone kama karo limegawanywa vyumba ndani, kama ti ipo, kama shimo la pili lina matundu, na kama ndani yake tayari kuna maji. Apige picha, aandike kina na umbali kutoka visima vya karibu, na karatasi hiyo iambatanishwe na kibali. Bila hiyo, nyumba isiruhusiwe kuhamiwa. Tangu mwaka 2009 tuna Sheria ya Afya ya Jamii, na kampeni ya “Nyumba ni Choo” ilituhimiza kila kaya iwe na choo bora. Vizuri. Lakini ubora tulioupima ni wa juu ya sakafu.

Najua nitajibiwa kwamba mabwana afya ni wachache na kwamba utazaliwa mlango mpya wa rushwa. La wachache ni kweli, ila ukaguzi wa shimo ni kazi ya nusu saa, na mwenye nyumba anayenunua marumaru hatashindwa kuchangia ada halali yenye risiti. La rushwa nalijibu kwa ile picha: shimo lililopigwa plasta haliwezi kudanganya kwenye picha, na mnunuzi wa baadaye ataidai kama anavyodai hati.

Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, serikali za mitaa zinaweza kuanza na daftari tu: nyumba fulani, aina ya shimo, mara ya mwisho lilipotapishwa. Mwenyekiti akiwa na daftari hilo anaweza kuita boza moja kwa ajili ya mtaa mzima kila Januari, kabla ya masika, badala ya kila mtu kumpigia dereva simu choo kikiwa kimeshamshinda. Madereva wenyewe wameniambia kwamba wakipata nyumba kumi za mtaa mmoja kwa siku moja, bei wanashusha. Mtaani kwetu kikao kijacho ni Jumapili, na ajenda hiyo nimeshaiandikisha.

Mama mstaafu,
Tegeta, Dar es Salaam