Mwambie fundi asubiri

Jambiani, Unguja

Shoga yangu,

Assalam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimia sana na anaulizia mikate yako ya ufuta.

Nakuandikia kwa sababu ya ule uwanja wako wa nyuma, chini ya miembe, unapotaka fundi akujengee tanuri la piza. Hapa kijijini pana bustani wanauza piza za kuni, na tangu niingie mle simuwazi mwengine ila wewe. Hakuna mapambo ya gharama: mchanga umefagiwa, meza za mbao ziko chini ya miti ya mikungu, watoto wanakimbizana huku wazee wao wakingoja chakula. Si ile piza ya Forodhani inayokunjwa na kukaangwa. Hii inaokwa, ya Napoli, Italia, ambako ufundi wake UNESCO iliutia katika urithi wa utamaduni mwaka 2017.

Lakini tanuri, shoga! Ni kuba la matofali. Kuni za mvinje, kavu kabisa, zinawashwa mapema. Kuba linajaa masizi, likawa jeusi tititi, halafu moto ukikolea masizi yenyewe yanaungua na ndani kunarudi kweupe. Hapo mpishi anasogeza makaa pembeni, anafagia sakafu, anarusha unga kidogo. Ukiungua papo hapo, anangoja kwanza. Joto linapita digrii 400, kwa hiyo piza haimalizi hata dakika mbili, na muda wote anaizungusha, maana upande ulioelekea moto huwahi kuungua. Niliagiza ya pweza na tungule. Ukingo umevimba, una madoa meusi, katikati laini. Wallahi nilikula mpaka nikaramba vidole.

Unga wake ni ngano, maji, chumvi na hamira, unalazwa saa nyingi, hata usiku kucha. Kazi hiyo mikono yako inaijua. Ghali ni jibini, kwa hiyo zako ziwe za jodari, tungule na pilipili, jibini utie kidogo tu. Na asubuhi tanuri bado lina joto, unaoka mikate ya boflo bila ya kuongeza kuni nyingi. Mimi faida naiona hapo zaidi kuliko kwenye piza.

Basi mwambie fundi asiweke hata tofali moja mpaka uje ulione hili. Mpishi amekubali ukae naye jioni nzima, umuulize utakalo. Panda boti huko Pemba, Mkoani, nitakupokea bandarini Malindi, hapa Unguja. Nijibu unakuja lini.

Nisalimie watoto.

Shoga yako akupendaye